Ubao wa Kumi na Moja

Mbao kumi zimetoka safi,
nyeupe kama nyama ya mkate.
Wa kumi na moja umekwama katikati ya gogo,
mdomo wazi, unatoa moshi.

Nilisikia kabla sijaona.
Si mlio wa mnyororo butu, huo naujua,
hulia kama mtoto asiyetaka kuoga.
Huu ulikuwa msago. Chuma kinatafuna chuma.
Nikazima injini, na msitu mzima wa Haanja
ukanitazama kama mtu aliyevunja sahani ugenini.

Upanga huu wa msumeno una wiki tatu.
Heldur aliutuma kutoka Tampere, umeviringishwa gazeti la Kifini:
sentimita tisini, na nchani sproketi
kubwa kidogo tu kuliko sarafu ya euro mbili,
inayozungukia vijiti vya chuma
vyembamba kuliko punje za mpunga.
"Huu utakuzika," aliandika.
Nimeuzika mimi.

Mti wenyewe baba aliuita saar.
Kwetu neno hilo ni mti, na ni kisiwa pia,
na kweli ulisimama peke yake, shayiri pande zote,
hadi kuvu ikaushika utosini
ukafa kwa kushuka, tawi baada ya tawi, miaka saba.
Nilitaka meza. Basi. Ya jikoni, pana,
ya kuweka viwiko bila kugusana na mtu.

Nimeulaza upanga juu ya kisiki.
Ncha imegeuka rangi, buluu ya nzi wa chooni.
Sproketi inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Vijiti vitano vimenidondokea kiganjani;
vingine sijui viko wapi,
labda ndani ya ubao, vinasubiri randa ya mtu.

Nikatafuta wa kulaumu, wakajipanga bila kuitwa:
kiwanda, oili ya bei rahisi,
unga wa mbao ulioziba tundu la grisi,
hata marehemu, kwa kukauka kupita kiasi.
Nikampigia. Nyuma yake nyundo, na mtu akicheka kwa Kirusi.
"Umenitumia takataka."
Hakubisha. Heldur habishi, ndiyo tabu yake.
"Jiriwa ya fremu uliifunga wapi?"
"Nchani."
"Nchani wapi?"
"Nchani, Heldur! Nchani ni nchani. Nipate upana wote."
"Na ulikaza?"

Nilikaza. Ningeachaje kukaza?
Katika nyumba ile kukaza ndiko kulikuwa sala:
kaza mfuniko, kaza mkanda,
kaza roho, mama anapanda basi.
Nilikaza kwa spana, kisha kwa bomba juu ya spana,
na mnyororo ulipopata moto ukalegea, nao nikaukaza.
Sasa naviona, huku kimoja, huku kimoja,
vishimo viwili vya skrubu
vimeyabana mashavu ya chuma
juu ya kitu kidogo ambacho kazi yake yote ilikuwa kuzunguka.
Wanasema kamba hukatikia pembamba.
Hapa palikuwa pembamba kwa mkono wangu.

"Rudi nyuma vidole viwili," akasema.
"Meza itakuwa nyembamba."
"Itakuwa meza."

Kisha kile kimya cha simu, kile cha kulipia.
Kuna swali ambalo humwuliza kila mara mwishoni,
tangu mazishi. Ni fupi. Lina "lini" ndani yake.
Lilikuwa tayari ulimini, limeshaingia nusu mzunguko.
Nikasema shayiri imekatwa.
Nikasema korongo wameondoka mapema.

"Naleta ncha mpya," akasema, "na ribiti tatu. Ijumaa."
Sikuuliza Ijumaa ipi.

Nimepigilia kabari mpasuko usijifunge,
nimelifunika gogo kwa turubai.
Vile vijiti vitano viko dirishani, kwenye kikombe cha yai.
Lori la maziwa likipita barabarani
vinalia kidogo.